Video ya Shangazi Enesi

Asubuhi nyumbani kwa akina Jenista ilianza kwa sauti ya Shangazi Enesi. Alfajiri, baridi ya Mbozi ikiwa bado inauma vidole, Enesi alikuwa tayari uani, anafagia majani ya mikahawa huku akijifunza sauti ya pili ya nyimbo za kwaya. Jenista alichota maji bombani, akawapa kuku pumba, akaosha vyombo, kisha akavaa sare ya shule. Yote hayo aliyafanya akiitikia nyimbo za shangazi yake, ingawa maneno mengine aliyabuni tu.

Jenista alikuwa darasa la sita na mchapakazi, hilo hakuna aliyebisha. Mikono yake ilikuwa myepesi. Tatizo lilikuwa mdomo, ambao ulikuwa mwepesi kuliko mikono. Habari ikiingia kwa Jenista asubuhi, mchana ilikuwa imeshatoka na kuzunguka shule nzima, tena ikiwa imenenepa njiani.

Shangazi Enesi alikuwa mdogo wa mwisho wa baba yake, Osea. Alikuwa ameposwa na Andongwisye, fundi seremala wa Itumba, kule Ileje. Barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa, na kilichobaki ni wazee wa Itumba kuja kukaa na wazee wa hapa na kupanga mambo ya ndoa. Mama yake Jenista alikuwa ameshaanza kunenepesha jogoo wawili. Enesi naye alikuwa akiimba kwa nguvu kuliko zamani, na kila mtu alijua kwa nini.

Sasa, kulikuwa na jambo jingine lililomfanya Enesi ajulikane. Mwaka uliopita, mikahawa ilipokuwa imechanua, vijana kutoka Tunduma walikuja na kamera. Mmoja wao alikuwa mwimbaji, Lwitiko, ambaye mjini anajiita Lwiti wa Boda. Waliomba kupiga picha za video ya wimbo katika shamba la Osea, na walipomwona Enesi wakaomba aigize kama mpenzi wa mwimbaji. Osea alifikiri, akauliza maswali mengi, mwishowe akakubali. Vijana wale walirudi tena kahawa ilipokuwa mbichi, wakarudi tena wakati wa mavuno. Jenista alifukuzwa kila alipoisogelea kamera, kwa hiyo hakujua hasa walichokuwa wakipiga.

Video ilitoka mwezi wa tisa. Wimbo uliitwa "Ulivuka Bila Mimi". Mwanamume anaimba kwamba alikwenda kutafuta maisha, na aliporudi akakuta mpenzi wake amevuka mpaka kwenda Zambia. "Hukungoja hata kidogo," anaimba, na sauti inakatika kwa uchungu. Tunduma nzima iliupenda. Ulipigwa madukani, kwa vinyozi, hata upande wa pili wa mpaka.

Shuleni, Jenista akawa mtu maarufu. Alikuwa hajaiona video yote, maana alitazama vipande tu kwenye simu ya kaka wa Recho, rafiki aliyekaa naye dawati moja, kabla bando halijakata. Lakini nani angemuuliza hilo? Wakati wa mapumziko wenzake walimzunguka.

"Jeni, eti ni kweli shangazi yako alimwacha jamaa?" Recho aliuliza.

Jenista alijua kabisa kwamba ni maigizo. Jibu la kweli lilikuwa fupi: hapana, anaigiza tu. Lakini macho yote yalikuwa kwake, na jibu fupi lingewatawanya watu.

"Ni kweli," akasema. "Tena aliondoka na dereva wa lori. Mzambia. Ana jino la dhahabu hapa mbele."

"Acha fiksi wewe!"

"Fiksi gani? Si nyumbani kwetu? Mimi nimeona kwa macho yangu."

Recho aliziba mdomo kwa mshangao. Jenista alijisikia mrefu kuliko mlingoti wa bendera. Kengele ikalia, wakaingia darasani, naye akasahau.

Siku chache baadaye, jioni, familia ilikuwa jikoni ikila. Simu ya baba ikaita, akatoka nje kuongea. Aliporudi alikaa, akasukuma sahani pembeni.

"Wazee wa Itumba hawaji," alisema.

"Wameahirisha?" mama akauliza.

"Mzee Gwalugano amesema wasimamishe kwanza. Anasema hawezi kumwozesha Andongwisye, mtoto wa ndugu yake, mwanamke aliyekimbia na dereva wa lori. Nimemkatalia, hakusikia." Osea alimtazama dada yake. "Habari imefika mpaka sokoni Itumba. Mama Recho alikwenda kuuza maharage, akawaambia watu. Eti dereva ni Mzambia, ana jino la dhahabu. Jino la dhahabu! Hivi nani ametunga uchafu huu?"

Jenista alirudisha tonge la ugali sahanini.

"Mimi, kaka?" Enesi alisema. "Mimi nimemjulia wapi huyo Mzambia?" Akainuka, akaenda chumbani, akafunga mlango polepole. Kupitia ukuta Jenista alimsikia akilia, na aliogopa kuliko siku zote za maisha yake, kwa sababu alijua jino lile la dhahabu limetoka kinywani mwa nani.

Kesho yake uwanja ulifagiliwa kimya.

Shuleni siku hiyo, Mwalimu Ferista, aliyefundisha Kiswahili, aliingia na kompyuta yake ndogo. Alikuwa mwalimu mchangamfu asiyependa mchezo na kazi.

"Leo tutahakiki hadithi," alisema, "lakini si ya kitabuni. Ni hadithi iliyosimuliwa kwa video ya wimbo, hadithi ya mtu aliyeumizwa moyo. Tuanze na ipi?"

"Ya shangazi yake Jenista!" darasa likaitika, na Recho ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Jenista aliinamisha kichwa.

"Sawa. Lakini kuna utaratibu," alisema mwalimu. "Kwanza tunatazama bila sauti. Halafu tunasikiliza bila kutazama. Mwisho tunaweka vyote pamoja. Mkianza na sauti, wimbo utawaambia cha kuona."

Alizima sauti, akageuza kompyuta iwaelekee. Watoto walijibana mbele. Mwanzoni walicheka kuona Lwiti wa Boda akifungua mdomo bila kutoa neno, kisha wakanyamaza. Shamba la Osea lilikuwa pale, na Shangazi Enesi naye, amejifunga kitambaa chekundu kichwani. Video ilipoisha, mwalimu aliuliza, "Mmeona nini?"

Recho alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Mwanamke anamwacha mchumba wake, anakimbia na dereva wa lori, Mzambia mwenye jino la dhahabu."

"Dereva? Njoo unionyeshe."

Recho alikwenda mbele. Mwalimu akarudisha video nyuma mpaka kwenye lori. Enesi anapanda nyuma ya lori, pamoja na akina mama wenye matenga na magunia. Lori linaondoka. Recho alitazama, akaomba irudiwe, akatazama tena. Dereva hakuonekana hata kidole.

"Lakini Jenista si alisema..." Recho aligeuka. Darasa zima likageuka naye.

Mdomo wa Jenista ulikuwa tayari na la kusema. Dereva yuko upande wa pili. Dereva walimkata wasije wakagombana. Maneno hayo yalikuja yenyewe, matamu na mepesi kama kawaida yake. Akamkumbuka shangazi yake akifagia kimya, akayameza.

Alisimama. "Hayupo," alisema. "Yule Mzambia nilimtunga mimi. Na shangazi yangu hakukimbia na mtu yeyote. Alikuwa anaigiza."

Wengine waliguna, wengine wakacheka. "Umezingua, Jeni," mtu akasema nyuma. Recho alirudi kukaa, akasogea mbali kidogo na Jenista kwenye dawati.

Kipindi kilipokwisha, Mwalimu Ferista alimwita. "Umefanya vizuri kusema mbele ya wenzako. Lakini nikuulize, maneno yako yaliishia humu darasani?"

Hapo machozi yakamtoka. Alieleza yote, ya Mama Recho, ya soko la Itumba, ya Mzee Gwalugano na jogoo wawili ambao sasa hawana wageni. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nataka kwenda Itumba, mwalimu," Jenista alisema akijifuta. "Nikamwambie mwenyewe."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nilidanganya."

"Vizuri. Naye akikuuliza, 'Kwa nini basi shangazi yako alikubali kuigiza mwanamke mbaya?' utajibu nini?"

Jenista alifungua mdomo, akaufunga. Safari hii pia hakutunga.

"Basi usiende kichwa kitupu," alisema mwalimu. "Ulisema umeona kwa macho yako. Sasa uone kweli. Kila siku baada ya masomo, kompyuta nitakuachia ofisini."

Jenista alikata shauri. Wenzake walipokuwa wakicheza rede uwanjani, yeye aliketi ofisini kwa walimu, ametoa macho. Alitazama video bila sauti. Alisikiliza wimbo amefumba macho. Aliisimamisha, akairudisha nyuma, akaanza upya. Siku ya kwanza hakuona jipya, akatoka na kichwa kinauma. Siku ya pili umeme ulikatika katikati, akarudi nyumbani amenuna. Siku ya tatu alikaribia kukata tamaa, akatazama tu maua ya mikahawa kwa sababu yalikuwa mazuri.

Maua!

Alisimamisha video. Lwiti wa Boda anamfunga Enesi kitambaa chekundu kichwani, wanaagana, na nyuma yao mikahawa ni myeupe, imechanua yote. Akasogeza mbele. Enesi anapalilia peke yake, anatazama barabarani, na matawini kuna kahawa za kijani. Akasogeza tena. Enesi anachuma, na kahawa ni nyekundu. Kisha kahawa inaanikwa kwenye vichanja. Enesi anaigeuza kwa mikono, macho bado barabarani. Ndipo linakuja lori.

"Mwalimu!" Jenista aliita kwa sauti mpaka mwalimu wa hesabu akaangusha kalamu. "Mwalimu, wimbo unasema hakungoja hata kidogo. Lakini alingoja! Alingoja toka maua mpaka mavuno, hadi kahawa ikaanikwa!"

Mwalimu Ferista alitabasamu kama mtu aliyekuwa akiisubiri habari hiyo. "Endelea. Huenda kamera iliangukia kwenye maua kwa bahati tu. Una kitu kingine?"

Jenista hakuwa nacho, lakini hakulalamika. Alirudi kwenye kiti. Safari hii alikifuata kitambaa. Kilikuwa chekundu cha kung'aa wakati wa maua. Wakati wa kupalilia kilikuwa kimefifia kidogo. Kwenye vichanja kilikuwa kimepauka kabisa, karibu kuwa na rangi ya vumbi. Na kwenye lori? Enesi alikuwa kichwa wazi. Alikiacha wapi? Jenista alirudisha nyuma polepole, kisha akaisimamisha. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa, na komeo lilikuwa limezungushiwa kitambaa kile kilichopauka.

Jioni hiyo alisubiri watu wote wamalize kula. Akapiga magoti mbele ya baba yake na shangazi yake, akawaambia. Hakupunguza kitu wala hakuongeza.

Enesi alimtazama kana kwamba anamtafuta mtu mwingine ndani yake.

"Jana nilikusuka nywele, Jeni," alisema hatimaye. "Ulikaa hapo miguuni pangu, ukaninyamazia."

Jenista alilia. Kisha akajikaza. "Baba, naomba unipeleke Itumba."

"Mambo ya posa si ya watoto," Osea alisema kwa ukali.

"Siendi kwa mambo ya posa, baba. Naenda kuuchukua uongo wangu. Ni wangu, na uko nyumbani kwa watu."

Osea alimgeukia mke wake, mke wake akatikisa kichwa kukubali. Enesi aliinuka, akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa na simu yake mkononi. Tangu maneno yaanze hakuwa ameifungua video ile hata mara moja.

"Imo humu," alisema, akampa Jenista. "Na ukiulizwa habari za kitambaa, waambie tulikichovya kwenye dawa ya kung'arishia nguo, mara tatu, mpaka kikapauka. Yule kijana mwenye kamera alikuwa na shida, bwana! Alitaka kionekane kimepigwa jua msimu mzima."

Jumamosi Osea na binti yake walipanda gari Vwawa, wakashuka Mpemba, wakapanda jingine la kwenda Itumba. Barabara ilizunguka milima ya Ileje. Nyumba ya Mzee Gwalugano ilikuwa kwenye mteremko, imezungukwa na migomba na mikahawa michache. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na mikahawa ilikuwa imechanua. Andongwisye alikuwa uani anapiga randa ubao. Alipowaona aliacha kazi, akawapokea kwa mikono miwili, lakini uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala vizuri.

Mzee Gwalugano alikuwa baba mkubwa wa Andongwisye, mtu wa kanisa, mpole wa sauti na mgumu wa kugeuzwa. Jenista alipiga magoti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Bwana Osea, sikutegemea ungekuja na mtoto."

"Mtoto ndiye mwenye safari, mzee wangu," alisema Osea. "Mimi nimemsindikiza."

Walipewa chai. Jenista hakuigusa. Alipopewa ruhusa ya kusema, alianza moja kwa moja. "Babu, maneno mliyoyasikia kuhusu Shangazi Enesi ni ya kwangu. Hakuna dereva. Hakuna Mzambia. Jino la dhahabu nalo nilitunga, ili wenzangu wanisikilize. Yeye aliigiza tu, na baba alikuwepo. Naomba msamaha."

Andongwisye alishusha pumzi ndefu. Mzee Gwalugano hakushusha. Alikoroga chai yake taratibu.

"Nimekusikia, na umefanya jambo gumu," alisema. "Basi dereva tumemtoa. Lakini video nimeiangalia mwenyewe, binti. Yule mwanamke hakumngoja mwenzake. Wimbo unasema hivyo. Mtu anayejiheshimu anakubalije kuigiza mambo hayo mbele ya watu wote?"

Swali lilikuja vilevile Mwalimu Ferista alivyolitabiri. Jenista alitoa simu. "Babu, naomba tuitazame pamoja. Lakini nitazima sauti."

"Sauti izimwe? Wimbo bila sauti?"

"Mara moja tu, babu."

Mzee alivaa miwani. Andongwisye alisogea nyuma ya kiti chake. Jenista aliishika simu mbele yao. Video ilipofika kwenye kuagana, aliisimamisha.

"Babu, kahawa hapa ikoje?"

"Imechanua. Kama hii yangu hapo nje."

Akaiendesha, akaisimamisha tena. "Na hapa?"

"Mbichi hiyo. Imefunga vizuri."

"Na hapa?"

Mzee aliichukua simu mwenyewe, akaisogeza karibu na uso. "Imeiva," alisema. "Anachuma." Akaiacha iendelee mpaka kwenye vichanja, midomo ikichezacheza. "Kutoka maua mpaka vichanjani, ni msimu mzima huo. Na muda wote huo huyu kijana alikuwa wapi?"

"Haonekani, babu. Hata barua haionekani. Anarudi mwishoni, na viatu vipya."

Andongwisye alicheka kidogo, akajizuia.

"Hata hivyo amepanda lori," mzee alisema. "Hilo huwezi kulikataa."

Jenista alitamani kulikataa. Ingekuwa rahisi kusema lori linakwenda sokoni tu na jioni atarudi. "Silikatai, babu," alisema. "Mwishoni anaondoka, na video haisemi anakwenda kwa nani. Sijui. Lakini tazama mlangoni."

Mzee alitazama. Komeo lilikuwa limefungwa kitambaa kilichopauka. Jenista alimrudishia mwanzo, kitambaa kikiwa chekundu, kisha mwisho.

"Alikivaa mpaka jua likala rangi yote," alisema. "Akakiacha ili mwenzake akirudi akione, ajue alingojwa. Wimbo ni wa mwanamume anayeumia sasa, ndiyo maana anasema hakungojwa. Picha ni za mwanamke aliyeumia kabla yake. Shangazi yangu hakuigiza mwanamke mbaya, babu. Aliigiza mwanamke aliyechoka kungoja."

Nje, kuku walikuwa wakiparua. Mzee Gwalugano alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akakaa nayo mkononi.

"Kumbe mimi sikuiona video hii," alisema. "Niliisikia sokoni, nikaamini, ndipo nikaitafuta kwenye simu ya kijana wangu. Nilikuwa natazama huku nimeshahukumu." Alimwinamia Jenista. "Sikiliza, mwanangu, na hili ulishike. Wewe ulisema usichokiona. Mimi niliangalia nisione. Katikati yetu binti wa watu amekaa analia bila kosa. Siku nyingine kabla hujasema habari ya mtu, jiulize umeiona, na umeiona yote? Kama hujaiona, funga mdomo. Na ukikosea, fanya kama ulivyofanya leo. Fuata neno lako mpaka lilikofika, hata kama ni mbali na ni aibu. Wakubwa wengi hawawezi."

"Nimesikia, babu."

"Nami nitakwenda sokoni Jumatatu," mzee aliendelea, "nikayarekebishe maneno pale pale yalipouzwa. Andongwisye, niitie mkeo mtarajiwa kwenye simu." Kisha akakumbuka simu ya Enesi ilikuwa mkononi mwake mwenyewe, wote wakacheka. "Haya, basi atapelekewa salamu na huyu mjumbe mdogo." Alinyoosha kidole dirishani, kwenye mikahawa iliyochanua. "Mwambie shangazi yako tunakuja kabla maua haya hayajadondoka. Sisi hatutamngojesha mpaka kahawa iive."

Jenista aliubeba ujumbe ule njia nzima kama mtu aliyebeba yai. Hakuuongeza neno, hakuupunguza. Jua lilikuwa bado halijazama walipofika. Enesi alikuwa uani, ameshika ufagio bila kufagia. Jenista alimwambia kama alivyoambiwa, mpaka neno la mwisho. Shangazi yake aliangusha ufagio, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika. Kisha akamvuta Jenista, akamkumbatia kwa nguvu.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini siku ya harusi nakuomba, usimwoteshe bwana harusi wangu jino la dhahabu."

Asubuhi iliyofuata uwanja ulifagiliwa kwa nyimbo tatu.

Wageni wa Itumba walifika siku chache baadaye, maua yakiwa bado mitini na harufu yake imejaa njia nzima. Recho alikuwa amerudi kukaa karibu dawatini, na siku hiyo alichungulia ua wa akina Jenista kwa shauku.

"Jeni! Eti wamekuja na nini? Wanasema wameleta ng'ombe! Ni kweli?"

Jenista alikuwa amebeba sinia la vikombe. Mlango wa sebuleni ulikuwa umefungwa. Zamani angeshataja ng'ombe hao na rangi zao.

"Sijaona," alisema. "Ngoja niingie nikaone, ndipo nikuambie."